Daraja Moja, Vijiji Vitatu

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi, bali zamani ya juzi juzi, ya lami na magari ya kasi, palikuwa na kata moja katika nyanda za kati, nchi ya vumbi jekundu na mashamba ya mtama, iliyopasuliwa vipande viwili na barabara ya kulipia. Barabara ilipokuja, watu walishangilia. Barabara ilipokamilika, watu waliacha kushangilia. Maana gari lililolipiwa halina subira. Dereva akishatoa chake pale kwenye kizuizi cha tozo, anaona njia yote ni yake mpaka mwisho wa safari. Anakanyaga mafuta, na mwenye miguu shauri yake.

Kata hiyo ilikuwa na mtendaji, mwanamke wa makamo, jina lake Nyemo. Kwa lugha ya kwao Nyemo ni furaha. Lakini juma hili ninalowasimulia, furaha ilibaki kwenye jina tu.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwake karani wa kamati ya Bunge, bwana mpole mwenye miwani, akiitwa Kaijage. Akasalimu, akaketi, akaweka bahasha mezani.

"Mtendaji, huu ndio muswada wa usalama wa barabara za kulipia. Wiki ijayo unasomwa kwa mara ya mwisho."

Nyemo akasoma. Muswada ulisema uzio wa chuma utajengwa pande zote mbili za barabara, kimo cha mtu na nusu. Muswada ulisema kwenye vituo vya tozo itawekwa misumari ya kuinuka kutoka chini, ili gari litakalotoroka bila kulipa lipasuke matairi. Muswada ulisema atakayekata uzio atafungwa miezi sita, atakayeruka uzio miezi sita, na atakayesimama barabarani kuzuia magari miezi sita pia. Na huko mwishoni kabisa, kama mtoto wa kambo aliyeketi karibu na mlango, palikuwa na kifungu cha mistari miwili: kila kata itajengewa daraja moja la waenda kwa miguu, mahali itakapopataja kata yenyewe.

"Moja?" akauliza Nyemo.

"Moja."

"Bwana Kaijage, mimi nina vijiji vitatu kwenye barabara hiyo. Chilewa iko kilomita ya mia na nne. Nzogole mia na kumi na mbili. Ihanda mia na ishirini na moja. Kila kijiji nusu iko huku, nusu iko kule."

"Najua, mama. Nimepita kote."

"Mawili je?"

"Tuliomba mawili, tukapewa moja."

"Basi liwekwe katikati, kila mmoja alifuate."

Kaijage akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Katikati ni Nzogole hiyohiyo. Mtu wa Chilewa atembee kilomita nane kulifikia daraja, na nane nyingine kurudi kijijini kwake upande wa pili? Hatatembea. Ataruka uzio, na akiruka atafungwa."

Kisha akamwonyesha fomu. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa kujaza: *Daraja litajengwa kilomita ya*, halafu nukta nukta.

"Nitaifuata Ijumaa saa sita mchana. Na tafadhali, usiiache wazi. Ukiiacha wazi, itahesabiwa kwamba kata haihitaji daraja."

Akaondoka. Nyemo akabaki anatazama zile nukta.

Jumanne akaitisha mkutano kwenye uwanja wa mnada. Wakaja watu wa vijiji vyote vitatu. Akawasomea muswada, akawaambia wapige kura. Chilewa wakanyoosha mikono kwa Chilewa. Nzogole wakanyoosha mikono kwa Nzogole. Ihanda wakanyoosha mikono kwa Ihanda. Mwenye kijiji kikubwa alishinda, na wenye vijiji vidogo wakasema hiyo si kura, ni sensa. Nyemo akasema basi tupige bahati nasibu, tuvute vijiti. Akasimama mama mmoja na mtoto mgongoni, akauliza, "Huyu mwanangu afike shule au asifike, kwa sababu ya kijiti?" Hata wa kijiji kikubwa wakainamisha vichwa. Ikawa kelele, ikawa kushikana mashati, mwisho sauti moja ikatoka nyuma: "Mwenye muhuri ni Mtendaji. Aandike yeye!" Na wote, waliokuwa hawakubaliani kwa lolote, wakakubaliana kwa hilo.

Nyemo akarudi nyumbani, akapika ugali na mlenda, akautazama mpaka ukapoa.

Jumatano akaenda Chilewa, kilomita ya mia na nne, kwa Mzee Chilongani. Mzee huyu ndiye aliyekuwa na shamba kubwa kuliko wote kijijini, na barabara ilipita katikati yake kama kisu katika boga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Twende nikuvushe, uone."

Wakasimama ukingoni mwa lami. Gari likapita, wakasubiri. Likapita jingine, wakasubiri. Likapita basi, upepo wake ukaivuta kofia ya mzee. Walipovuka, mzee alivuka kwa kukimbia, na kukimbia kwenyewe kulikuwa kwa kuchechemea, na Nyemo aliona aibu kumtazama mtu mzima anavyokimbia katika shamba lake mwenyewe.

Upande wa pili, chini ya kibanda cha kulindia ndege, mzee akafungua kopo la bati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Unaujua mwandiko huu?"

Nyemo aliujua. Ulikuwa wake. Miaka minane nyuma, akiwa karani wa kata, ndiye aliyeandika muhtasari siku wakubwa wa wilaya walipokuja kuomba ardhi. Iliandikwa: *Ndugu Chilongani amekubali kutoa shamba na kuhamisha kaburi la mkewe. Ameahidiwa kivuko salama.* Chini palikuwa na sahihi ya mkubwa wa wilaya, aliyekwisha kufariki, na sahihi ya shahidi. Shahidi ni Nyemo.

"Wakati ule kaya arobaini zilikataa," akasema mzee. "Zilikuwa zinanitazama mimi. Nikasema, jamani, barabara ni ya wote, tuitoe. Wakaitoa kwa sababu yangu. Nilimfukua mke wangu kwa mikono yangu, Nyemo, nikambeba kwenye shuka. Sikudai zaidi. Niliambiwa nitavuka, nikaamini. Leo wakiweka uzio, nyumba zetu zitakuwa huku na mtama wetu utakuwa kule. Hizo kaya arobaini zitanitazama tena. Niwaambie nini? Ahadi ni deni, mwanangu. Andika mia na nne."

Nyemo akaisoma tena ile karatasi, akaikunja mara nne, akamrudishia. Akasema, "Nimekusikia, mzee."

Alikuwa hajafika hata kwenye pikipiki yake, simu ikalia. Ilikuwa Nzogole. Mpiga matofali mmoja, Lukas, kijana mwenye mke na mabinti wawili, alikuwa anavuka na toroli la maji. Toroli limepatikana. Lukas amegongwa na gari, hayupo tena.

Basi Alhamisi asubuhi Nyemo alikwenda Nzogole, kilomita ya mia na kumi na mbili, na alikwenda kuzika. Mwenyekiti wa chama cha mazishi hapo alikuwa Mama Sechelela, mjane, mwanamke mrefu asiyepaza sauti. Baada ya maziko akamshika Nyemo mkono, wakaenda mpaka ukingoni mwa lami.

Gari likapita, wakasubiri. Likapita jingine, wakasubiri. Ng'ambo ilionekana zahanati, ukuta mweupe, benchi la wagonjwa, mtu ameketi na mtoto mapajani. Ilikuwa karibu, ungeweza kumwita aliye kule kwa jina.

"Pole na msiba, mama," akasema Nyemo.

"Tumeshapoa. Tumezoea, na hilo ndilo linalonitisha."

Akafungua daftari la chama. Akasoma, taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. "Mazoea, alikuwa anapeleka mtoto kliniki. Mtoto wa Mazoea. Chalo, alikuwa anafuata dawa ya kifua. Bibi Matika, hakusikia vizuri. Yohana." Hapo akapitisha kidole juu ya jina, maana Yohana alikuwa mumewe. Kisha akaendelea mpaka akafika mstari wa mwisho, ambao wino wake ulikuwa bado mpya. "Na jana, Lukas. Kumi, Mtendaji. Chilewa wamezika wangapi?"

"Mmoja."

"Ihanda?"

"Hakuna."

"Kumi," akasema Mama Sechelela. "Mtu akifika na ndoo tatu, moja inavuja sana, moja inavuja kidogo, moja haivuji, utaanza kuziba ipi? Watasema uzio utatulinda. Uzio utatuzuia kufika kwa daktari. Mwenye uchungu wa kuzaa ataruka chuma? Watakufa upande huu badala ya kufa katikati, ndiyo tofauti. Andika mia na kumi na mbili."

Alilisema hilo pasipo hasira wala machozi, na kwa Nyemo ikawa nzito zaidi kuliko kama angelia. Akasema, "Nimekusikia, mama."

Mchana uleule akaenda Ihanda, kilomita ya mia na ishirini na moja. Alikwenda kichwa kimejaa majina. Huko alikuwapo mwanamke wa rika lake, Wendo, mlinzi wa kisima cha kijiji, mfupi, mwepesi wa maneno. Alimkuta barabarani, amesimama na kitambaa chekundu kwenye fimbo, na wanawake wengine wawili na vitambaa vyao. Ilikuwa saa ya wanafunzi kutoka shule.

Nyemo akamwona Wendo ng'ambo, akainua mkono kumsalimu, akashuka lamini. Hakutazama kulia. Hakutazama kushoto. Alikuwa anamwaza Lukas. Alichosikia ni honi, ndefu, kama ng'ombe anayechinjwa, halafu mtu akamvaa kifuani, wakaangukia majani pamoja. Lori likapita. Kiatu chake kimoja kilibaki katikati ya njia, na kilipoonekana tena kilikuwa bapa kama chapati.

"Umelogwa?" akafoka Wendo, akihema. "Dada, umelogwa wewe?"

Wendo akamketisha, akampa maji, akampigapiga mgongo kama mtoto aliyepaliwa.

Alipopata sauti, Nyemo akasema, "Wendo, umeniokoa."

"Hilo usilitie kwenye hesabu yako ya kesho. Ningemvuta hata mbuzi." Kisha akaketi kando yake. "Mengine ndiyo uyatie. Miaka sita tunasimama hapa kwa zamu, asubuhi, mchana, jioni. Jua letu, mvua yetu. Madereva wametutukana matusi ambayo sijui hata maana yake. Hatujazika mtu. Na bado nimekwenda kwenye kamati ya Bunge mara tatu. Muswada ulipotoka mara ya kwanza ulikuwa na uzio, misumari na jela, basi. Daraja halikuwamo. Nilisimama mbele ya wakubwa wale na kandambili zangu, nikawaambia mmefunga njia ya magari yasitoroke, na njia ya watu je? Wakaongeza ile mistari miwili. Ile mistari ni yangu, Nyemo."

"Nimeisoma. Sikujua ni yako."

"Sasa sikia ninachokiogopa. Kuna watu wanasema Ihanda hawana haja, hawajafa. Yaani tungesinzia kidogo, tukazika watano sita, tungestahili? Tukose daraja kwa sababu tumelinda watu wetu? Halafu sheria hiyohiyo inasema atakayesimama barabarani kuzuia magari, miezi sita. Vitambaa hivi vinakwisha wiki ijayo. Wengine watabaki na shida waliyonayo. Sisi tutanyang'anywa hata dawa tuliyojitengenezea. Andika mia na ishirini na moja."

Nyemo akarudi na kiatu kimoja.

Ijumaa ikafika. Saa nne Nyemo alikuwa ofisini, fomu mbele yake, kalamu kando. Saa tano Mzee Chilongani akaingia, akaketi. Akaingia Mama Sechelela, na kitambaa cha msiba kichwani, akaketi. Akaingia Wendo, akasimama dirishani. Hakuna aliyewaita. Nje, vijiji vitatu vilikuwa vimekaa makundi matatu, na hakuna kundi lililosalimiana na jingine.

Kwanza walibishana.

"Ahadi iliandikwa kabla ya kaburi la kwanza," akasema mzee. "Wa kwanza ni wa kwanza."

"Karatasi yako haijamzika mtu," akasema Mama Sechelela.

"Wafu hawavuki barabara, mama yangu, nisamehe," akasema Wendo. "Daraja ni la walio hai. Na bila mimi, daraja lenyewe lisingekuwapo la kugombania."

"Kulileta si kulimiliki," akasema mzee.

Nyemo akagonga meza kwa kiganja. Hawakuwahi kumsikia akifanya hivyo, wakanyamaza.

"Nina swali moja," akasema. "Nitamwuliza kila mmoja. Anijibu kama atakavyojibu mbele ya Mungu. Kama si wewe, nani? Wawili wakimtaja mtu mmoja, nitaandika huyo, na lawama nitaibeba mimi."

Wakatazamana. Ilikuwa saa sita kasoro robo, na gari la Kaijage lilikuwa limekwisha kuingia uani.

"Mzee. Kama si wewe, nani?"

Mzee Chilongani akaitazama kofia yake mapajani. "Katika yale makaburi kumi, matatu nilisaidia kuchimba. Moja lilikuwa fupi hivi." Akaonyesha kwa mikono. "Kama si mimi, Sechelela."

Nyemo akahesabu. Moja tayari. Akageuka.

"Mama Sechelela. Kama si wewe, nani?"

Mama Sechelela akalifunga daftari lake. "Kila ninapoandika jina najiuliza, kwa nini sikusimama na kitambaa kama Wendo? Mume wangu alipokufa ningeweza kuanza. Sikuanza. Tulilia tu. Watu wake wako hai kwa jasho lake, na sasa mnataka kumkataza hata hilo jasho. Kama si mimi, Wendo."

Nyemo akafumba macho, akafumbua. Sasa limebaki jibu moja. Wendo akimtaja Sechelela, ni Nzogole, na kazi imekwisha.

"Wendo. Kama si wewe, nani?"

Wendo alikuwa anatazama nje, kwa watu wake.

"Niliposimama mbele ya kamati," akasema mwishowe, "mkubwa mmoja aliniuliza, wewe mama, nani aliwaambia mna haki ya kuvuka? Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na nakala ya karatasi ya mzee, alinipa mwenyewe nikaitoe nakala mjini. Nikawasomea: ameahidiwa kivuko salama. Pasipo ahadi yake nisingekuwa na neno la kusema, na pasipo neno, ile mistari miwili isingeandikwa." Akageuka kutoka dirishani. "Kama si mimi, Mzee Chilongani."

Mzee kamtaja Sechelela, Sechelela kamtaja Wendo, Wendo kamtaja mzee. Nyemo akawatazama mmoja mmoja, akaona wote watatu wanamwonea huruma, na huruma yao ikamwuma kuliko kelele za mkutano.

Mlango ukagongwa. Kaijage akaingia, miwani mkononi. "Samahani, Mtendaji. Saa sita. Safari ni ndefu, na leo ofisi zinafungwa mapema."

"Dakika moja, Bwana Kaijage."

"Dakika moja."

Nyemo akavuta fomu. Akachukua kalamu. Akaandika tarakimu ya kwanza, moja, maana hiyo ilikuwa ya wote. Mia na nne inaanza na moja. Mia na kumi na mbili inaanza na moja. Mia na ishirini na moja inaanza na moja. Kisha kalamu ikasimama, na jasho likadondoka kando ya ile tarakimu.

Mmoja aliahidiwa, akatoa shamba lake na kaburi la mkewe. Mmoja amezika watu kumi, na wa kumi udongo wake bado mbichi. Mmoja amelinda watu wake mpaka hakuna aliyekufa, na ndiye aliyelileta daraja lenyewe. Atakayekosa, atafungiwa kwa chuma.

Nanyi mlioketi hapa msinitazame mimi, mimi sina muhuri. Kalamu iko hewani, Kaijage anatazama saa, na vijiji vitatu vimeshika pumzi huko nje. Mwambieni Nyemo aandike nini. Je, daraja lilimstahili nani?